Tundu la Bunduki ya Marehemu

Mama yule alinikuta mjini Baraka, pembeni ya soko, nimekaa juu ya kopo la rangi nikiziba sufuria. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo miezi ile. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nimefanya karibu kila kazi ambayo mtu anaweza kuiiba kwa macho ndani ya siku mbili: kupakia mitumbwi kule Kazimia, kufufua redio, kulisha mashine ya kusaga mihogo. Sikai mahali pamoja. Nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuniwasha.

"Ni weye fundi wa sufuria?"

"Ni mimi, mama."

"Kwetu tunaondoa matanga juma lijalo. Wifi yangu ananituma. Sufuria kubwa mbili ziko zinavuja, na batu batakuwa bengi."

Tulipatana. Kisha akachuchumaa, akashika sufuria iliyokuwa miguuni pangu kana kwamba anakagua kazi, akasema bila kuniangalia:

"Na bunduki, unajuaka?"

Niliangalia kushoto na kulia. Wanajeshi wawili walikuwa wananunua sigara hatua chache kutoka tulipokuwa. Huku kwetu neno hilo likisemwa polepole linasikika mbali kuliko likipigiwa kelele.

"Mama, hilo siyo neno la sokoni."

"Njo maana nasema chini."

Akanieleza akiwa amechuchumaa vile vile. Marehemu mume wake alikuwa na bunduki ya kizamani aliyoachiwa na baba yake, bunduki ya gumegume: kinyundo kinabeba jiwe, jiwe linagonga bamba la chuma, cheche zinaanguka kwenye baruti iliyo ndani ya kisahani kidogo ubavuni mwa mtutu. Aliitumia kufukuza nyani shambani. Kwa ukoo wa mume wake, na sijalikuta jambo hilo kwingine kokote nilikopita, siku ya kuondoa matanga ya mwenye bunduki ile, bunduki inalizwa mara moja tu mbele ya watu wote. Haiwekwi risasi, ni baruti na kifundo cha nyuzi za mgomba. Ikilia, marehemu ameondoka na moyo mweupe. Ikitoa mwanga kwenye kisahani kisha ikanyamaza, basi analalamika juu ya mtu wa nyumbani mwake.

"Na mutu wa nyumbani mwake ni nani?" aliniuliza. "Batoto ni ba ukoo. Ni mimi tu."

Alikuwa mzaliwa wa Burundi. Alivuka akiwa mgongoni mwa mama yake, wakati wa kukimbia, akakulia kambini, akaolewa na mtu wa milima ya Fizi. Watoto wawili. Bunduki ikinyamaza, watoto watabaki, naye ataonyeshwa njia.

"Akiwa hai ilikuwa inamukatalia," alisema. "Inafanya mwanga, pfu, kisha kimya. Leo inalia, kesho inakataa. Tangu mi niliolewa. Sasa nitasimama mbele ya batu nikingoja ile bunduki?"

"Unataka nifanye uongo?"

"Hapana. Sitaki iseme yenye mi nataka. Nataka tu isinisingizie."

Ningependa kuandika kwamba nilikubali kwa huruma. Nilikubali kwa sababu nilitaka kujua. Miaka michache nyuma, kule Kilembwe, nilimvutia mivukuto fundi mmoja wa majembe aliyekuwa akitengeneza pia bunduki za namna hiyo. Nilimuuliza kwa nini moja inawaka kila mara na nyingine inachagua siku. Akasema jibu lote liko kwenye tundu, kile kitundu kinachopitisha moto kutoka kwenye kisahani kuingia ndani ya mtutu. Kabla hajanieleza zaidi nilikuwa nimeshaondoka. Swali lilinikaa kichwani kama mwiba uliokatikia ndani.

Tulipanda kwa pikipiki hadi barabara ilipokubali, kisha kwa miguu. Mizigo yangu ilikuwa makaa, nyundo, keekee ya mkono, na misumari ya shaba ya kuzibia sufuria. Kwenye kizuizi wanajeshi waliifungua yote, wakaifunga. Nilikuwa bado sijashika bunduki yoyote, lakini jasho lilinitoka kana kwamba nimeibeba kichwani.

Kwenye ua tulipokewa na dada mkubwa wa marehemu, ambaye kila mtu, mkubwa na mdogo, alimwita Shangazi. Mwili wake uliujaza mlango.

"Huyu njo fundi?" alisema. "Mwembamba hivi? Si sufuria itamubeba yeye!"

Watu walicheka. Mmoja hakucheka: mdogo wa marehemu, mwanaume mkimya, panga mkononi, mguu mmoja juu ya kinu kilicholala. Ndiye angeishika bunduki siku ile. Na ndiye, mama aliniambia njiani, aliyekuwa akipita mara nyingi kwenye shamba la mto, akihesabu migomba kwa macho.

"Weye ni wa wapi?" aliniuliza.

"Nilitoka Kazimia."

"Kazimia ni kubwa."

"Nakaa huku na huku."

"Mutu wa huku na huku," alisema, akiondoa mguu kwenye kinu, "akipotea nani anamutafuta?"

Sikujua kama ni utani. Nilicheka peke yangu, nikaacha.

Walinipa jiko la mama yule nifanyie kazi, kibanda cha udongo chenye giza. Siku ya kwanza niliziba sufuria moja. Siku ya pili, watu walipokwenda mashambani na Shangazi alipokwenda kwenye maombi ya wamama, mjane akaileta. Alikuwa ameizungushia kitenge. Akakaa mlangoni akichambua sombe, yale majani ya mihogo, uso ukiangalia njia.

Ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani. Kitako kilikuwa kimeshikiliwa na ngozi iliyoshonwa ikiwa mbichi. Niliiweka katikati ya magoti, mdomo wa mtutu chini ya kidevu changu, nikainama kulitafuta tundu. Nilikuwa nimekaa hivyo muda wa kutosha kumaliza sigara nzima, nikikwangua masizi kwa waya, ndipo nikakumbuka mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti. Nikauingiza. Haukufika mwisho. Niliutoa, nikaupima nje ya mtutu. Ulikuwa umebakiza vidole vinne.

Bunduki ilikuwa imejaa.

Niliusogeza mdomo wa mtutu taratibu kutoka kwenye kidevu, nikauelekeza kwenye kona ya ukuta.

"Mama. Mara ya mwisho ilitumika lini?"

Aliliweka chini jani la sombe. "Nyani," alisema. "Kabla hajalala na ile homa. Ilimukatalia. Akaitundika."

"Akaitundika na baruti ndani?"

"Sijue. Mi sikuwaka naigusa."

Miezi yote ile ilikuwa imening'inia juu ya mikeka ya watoto. Nilimwaga maji kidogo kwenye tundu, nikaungoja unyevu ushuke, kisha nikafunga msumari uliosokotwa kwenye ncha ya mdeki na kuvuta kila kitu kidogo kidogo: nyuzi za mgomba, vipande vya chuma, baruti iliyogandamana kama sukari iliyonyeshewa. Mjane aliomba ile baruti. Nilimpa. Aliiangalia kiganjani, kitu cha mwisho mume wake alichokishindilia kwa mkono wake, kisha akaizika nje, kando ya mlango, akiwa amenigeuzia mgongo.

Halafu nikaliona tundu. Fundi wa Kilembwe alisema kweli. Aliyelitoboa alilitoboa chini mno, sawa na sakafu ya kisahani, na nyuma mno, hata nusu yake ilikuwa inachungulia kile kizibo cha chuma kinachofunga mwisho wa mtutu badala ya kuichungulia baruti. Ukiweka baruti kwenye kisahani, hata kidogo, inalifunika. Hapo moto hauruki. Baruti ya wazi inawaka mara moja, mwanga mkubwa, nje, kwa macho ya watu. Ndani ya tundu lililozibwa na baruti, moto unatembea: unakula punje, unangoja, unakula punje nyingine. Mara unafika upesi. Mara unafika umechelewa. Mara unazimika njiani kwenye masizi, basi unabaki na pfu na kimya.

Tundu linatakiwa likae juu kidogo, liwe tupu, liuone mwali uso kwa uso.

Niliziba lile la zamani kwa msumari wa shaba, ule ule wa sufuria, nikaugonga hadi ukajaa. Nikatoboa jipya kwa keekee, mbele kwa upana wa punje ya mchele na juu kwa punje nyingine. Ilinichukua mchana mzima. Kila mbwa aliyebweka alinisimamisha. Nilipomaliza, shaba ilikuwa inang'aa ubavuni mwa mtutu kama jino la dhahabu, nikaipaka mawese na masizi mpaka ikafanana na chuma.

Kuijaribu kwa kuiliza haikuwezekana. Katika milima ile mlio mmoja tu unakimbiza kijiji kizima, na wenye bunduki nyingine wanakuja kuuliza. Kwa hiyo nilifanya jaribio la kimya. Nilisukuma kishungi cha pamba ndani hadi mwisho wa mtutu, nikaweka baruti kwenye kisahani, nusu tu, nikafunga kifuniko chake, nikavuta kifyatulio. Mwanga. Nikaivuta pamba nje: imeungua. Nikarudia. Nilirudia mara saba, na mara zote saba pamba ilitoka na doa jeusi. Mjane aliziokota zile pamba moja moja akazitia motoni.

"Sasa?" aliuliza.

"Sasa itasema ukweli."

Nililisema hilo kwa majivuno. Nakumbuka nilivyolisema, na hadi leo linaniumiza masikio.

Siku ya kuondoa matanga chifu alikuwa ametuma watu kwa majirani na kwa wanajeshi walio kwenye kilima: asubuhi mtasikia mlio mmoja, msikimbie. Majirani walikubali. Lakini nilipopita kwenye nyua zao, niliona wamama wameshafunga watoto mgongoni, na vifurushi viko milangoni. Wamesikia habari nzuri mara nyingi.

Mimi nilikaa na wapishi, kwenye sufuria zangu mbili, maharage yakichemka. Nyimbo ziliimbwa, sala ikasaliwa. Mjane alikaa chini kwenye mkeka, peke yake, amenyolewa kichwa, watoto wake wakiwa wameshikwa na Shangazi upande wa pili. Kisha mdogo wa marehemu akaitoa bunduki, akaishindilia vizuri, na nilipoona anavyokielekeza kisahani juu nilijiambia: fungua, tia kidogo, funga, vuta, imekwisha.

Hakutia. Alisimama ameishika kama mtu anayeshika sahani ya sadaka, na wanaume wa ukoo wakaanza kumjia mmoja mmoja.

Wa kwanza alichukua baruti kwa vidole viwili, kama mtu anayetia chumvi, akaidondosha kwenye kisahani. "Mi sina neno na weye," alisema. Akapisha. Wa pili akatia. "Mi sina neno na weye." Wa tatu.

Nilimgeukia mpishi aliyekuwa karibu. "Wanafanya nini?"

"Wanamusamehe. Kila mwanaume wa ukoo anatia yake."

"Wangapi?"

Alinishangaa. "Bote."

Hakuna aliyekuwa amenieleza. Mjane hakunieleza, kwa sababu kwake hilo halikuwa jambo la bunduki; lilikuwa jambo la kilio. Na mimi niliyejiona mtu wa kuuliza kila kitu nilikuwa nimeuliza juu ya chuma, sikuuliza juu ya mikono. Walikuwa kumi na mmoja. Kufikia wa tano kisahani kilikuwa kimejaa. Kufikia wa nane baruti ilikuwa kilima. Tundu langu jipya, lililotobolewa kwa punje ya mchele, lilikuwa limezama kabisa, na ningeweza kulala na kuamka lisionekane.

Nilikuwa na nafasi ya kusema, na ninajua ilikuwa ndefu kiasi gani, kwa sababu wawili wengine walitia huku nikiwa nimefungua mdomo. Nikisema, watajua niliishika. Wakijua niliishika, watajua nani alinipa. Mwanamke aliyeifanyia dawa bunduki ya mume wake: hawatangoja hata ilie. Nisiposema, moto utatembea ndani ya ile baruti kwa namna utakavyotaka wenyewe. Nilimtazama mjane. Alikuwa ananiangalia. Alikuwa ametulia. Alikuwa ananiamini, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko panga la shemeji yake.

Niliufunga mdomo.

Wa mwisho alikuwa mdogo wa marehemu mwenyewe. Alitia yake, ikamwagika pembeni. Kifuniko kiligoma kufunga, akakibana kwa gumba. Akainua mtutu juu ya miti.

Jiwe likagonga. Mwanga mkubwa ukaruka, mweupe, moshi ukapanda.

Kisha kimya.

Nimewahi kuzama ziwani, karibu na Ubwari, mtumbwi ulipopinduka. Kimya cha chini ya maji kina sauti ndani yake. Hiki hakikuwa na kitu. Niliona mabega ya mjane yakishuka. Nikaona wanaume wakianza kutazamana. Na yule mdogo wa marehemu, bila haraka, kama mtu aliyekuwa anajua, akaanza kuishusha bunduki, huku mwili wake ukigeuka kumtafuta mwanamke kwenye mkeka. Mtutu uligeuka pamoja naye. Ulipita juu ya vichwa vya wapishi, ukapita juu yangu, ukaendelea kushuka.

"USIISHUSHE!" Sauti ilikuwa yangu. "Inua juu! Inakuja! Inua!"

Alishtuka. Nadhani alinitii kwa sababu ya mshtuko tu, kama mtu anavyoruka akisikia nyoka. Mikono yake iliurusha mtutu juu.

Ikalia.

Ililia kama mlima umepasuka. Majani ya mgomba yalidondoka. Upande wa pili wa bonde tulisikia watu wakipiga kelele na milango ikifungwa, wale wale waliokuwa wameambiwa wasikimbie. Mdogo wa marehemu alikuwa amekaa chini, kope zimeungua, bunduki juu ya mapaja yake. Watoto wa marehemu ndio walioanza kulia.

Shangazi alikuwa wa kwanza kusimama.

"Imelia," alisema.

"Ilikataa kwanza," mwanaume mmoja akasema.

"Ilikataa, kisha ikalia."

"Sasa hiyo ni nini? Amesamehe ama amelalamika?"

Wakaanza kubishana, wote pamoja, na kwa muda mfupi nilidhani nimesahaulika. Lakini mdogo wa marehemu alikuwa ameinamia bunduki. Moto ulikuwa umekula mawese na masizi yangu. Aliigusa ile shaba kwa kidole. Akainua macho, akaangalia sufuria, ambazo matumbo yao yalikuwa na vichwa vya misumari ile ile, iking'aa. Akaniangalia mimi.

"Hii shaba naijua," alisema. "Huyu aliishika bunduki ya yaya, kaka yangu."

Walinizunguka. Mtu alinishika ukosi wa shati, mwingine akanishika mkono kwa nyuma. Nilisikia neno "dawa", nikasikia "nani alimupa". Ningetaka kusema nilijipa mwenyewe.

"Ni mimi." Mjane alikuwa amesimama, jambo ambalo mjane hatakiwi kufanya kabla ya kuambiwa. "Mi nilimuita. Tundu lilikuwa baya, mi nikamuomba alitengeneze. Mukitaka kufukuza, fukuzeni mimi. Huyu muache aende."

Shangazi aliwasukuma watu kwa kiuno chake mpaka akanifikia.

"Mwembamba," alisema. "Ulijuaje kama inakuja?"

Nikaeleza. Sijui kama nilieleza vizuri. Nilisema moto ulikuwa umefunikwa. Nilisema kila mmoja alitia kwa moyo mzuri, lakini moto haujui moyo, unajua njia tu, na njia ilikuwa imezibwa. Shangazi akachukua bunduki, akaniambia nionyeshe. Nilifuta kisahani. Nilishindilia baruti ndogo sana, ukubwa wa punje ya haragwe, bila kifundo, mlio usivuke bonde. Nikatia kwenye kisahani kiasi cha kufunika ukucha. Nikainua, nikavuta. Mwanga na mlio vilitoka pamoja, kama kofi. Nikarudia. Pamoja.

"Hivyo vyote ni maneno ya fundi," alisema mdogo wa marehemu. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ngoja," Shangazi alisema. "Weye. Ndugu yetu akiwa hai, hii bunduki haikuwa inamukatalia shambani?"

"Ilikuwa inakataa."

"Na bote tulikuwa tunajua?"

"Tulijua."

"Ilikuwa inakataa akipiga nani?"

"Nyani."

"Sasa nyani nao walikuwa na kesi na yeye? Ama alikuwa analalamika juu yao kabla hajakufa?"

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajaribu kugeuza kicheko kuwa kikohozi. Kisha mwingine. Mpishi akasema pengine nyani wale walikuwa mashemeji, na hapo wengi wakashindwa kujizuia, hata wazee. Mkono ulioshika shati langu ulilegea. Shangazi hakucheka. Alikwenda kwenye mkeka, akamshika mjane mkono, akasema kwa sauti ya watu wote wasikie: "Enda uoge. Vaa kitenge chako. Batoto bako wana njaa." Na watu wakaanza kutafuta sahani.

Mimi sikuweza kula. Niliomba ruhusa kuondoka kabla jua halijapanda sana. Shangazi alinipa msindikizaji mpaka barabarani, kwa sababu vijana wengine, alisema, bado wana moto kichwani. Msindikizaji alikuwa mdogo wa marehemu.

Tulitembea, yeye nyuma, panga mkononi. Njia ilipita katikati ya matete marefu. Nilihesabu hatua zake. Zikiongezeka, nilirefusha zangu. Zikipungua, nilijiuliza amesimama kufanya nini. Maneno yake ya siku ile ya kwanza, juu ya mtu anayepotea, yalikuwa yanatembea pamoja nasi. Tulivuka kijito.

"Fundi."

Nilisimama. Sikugeuka.

"Nilikuwa nimemugeuzia shemeji ile bunduki."

"Ndiyo."

"Kwa ile nafasi, ingemufanya nini? Haikuwa na risasi."

"Nyuzi za mgomba zilizoshindiliwa, kwa hatua nne. Usoni."

Nikageuka. Kope zilizoungua zilikuwa zimemfanya aonekane kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Baba yetu alipokufa," alisema, "ni ile ile. Mwanga, kisha kimya. Kimya kabisa, haikulia hata baadaye. Walimufukuza mama yangu mudogo, bibi wa pili wa baba. Njo alikuwa ananipikia. Mi nilimubebea mukeka wake mpaka ziwani. Nilimutukana njia yote. Lile tundu la chini. Lilikuwa chini tangu lini?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa peke yangu na mtu mwenye panga, kwenye matete, na ukweli huo haukuwa na faida kwangu hata kidogo. Niliogopa kumjibu kuliko nilivyoogopa ule mtutu wenye baruti chini ya kidevu.

"Tangu ilipotengenezwa," nilisema. "Halikuwahi kuwa mahali pengine."

Alikitazama kijito. Midomo yake ilitembea kidogo, kama mtu anayehesabu miaka.

"Enda," alisema.

Nilikwenda. Sikukimbia, ingawa miguu ilitaka. Kwa muda mrefu nilisikiliza kama hatua zake zinanifuata au zinarudi nyumbani, na sikusikia hata moja.